Debe la Nne

Watu wa Ifakara wakisimulia habari za yale madebe ya daktari, humtaja mume wangu Wendelin, maana yeye ndiye aliyeyatengeneza. Mimi husemwa kwa kupita tu, kwamba mkewe alikuwa anachota maji. Sawa, nilichota. Lakini lile swali la mwisho daktari hakumwuliza Wendelin. Aliniuliza mimi, Eufrasia, na mimi ndiye niliyejibu. Ninalisema mapema, asije mtu akanionea huruma kabla hajajua ananihurumia kwa lipi.

Wendelin ni mtu wa Mahenge. Aliteremka huku bondeni angali kijana, na kazi yake ni bati. Anachukua debe tupu la mafuta ya taa, analikata kwa mkasi, analinyoosha juu ya reli fupi aliyoiokota sijui wapi, na jioni limekuwa koroboi, au birika, au ndoo yenye kifuniko. Kibanda chake kiko nyuma ya soko. Sijaona kitu cha Wendelin kinachovuja. Koroboi lake utalilaza ubavu kitandani, godoro lisinuke mafuta. Na pamoja na hayo yote watu walimwita Fundi Makopo, hata watoto, hata wale wenye maduka waliokuwa wakimtuma kurekebisha pishi zao za kupimia mchele. Alikuwa akicheka nao. Nyumbani hakucheka. Mara nyingi nimemkuta ameshika kazi iliyokwisha, anaigeuzageuza, anatafuta mtu wa kumwonyesha, na mtu mwenyewe ni mimi tu.

Tuna binti mmoja, Scolastica, aliyeolewa Mahenge, kwa hiyo mtaani mimi ni Mama Scola. Wendelin naye ana mdogo wake wa kike, Digna, aliyeolewa ng'ambo ya mto, kijiji cha mwendo wa nusu siku kutoka kivukoni. Huyo kwangu ni wifi. Digna ana ulimi, na mimi ninao, ndiyo maana tulipatana. Akija kwangu hukagua chungu kabla hajaketi. Mimi nikienda kwake hutazama chini ya kitanda kama amefagia. Jina la Mama Scola halikuwahi kumtoka kinywani. Ilikuwa wifi hivi, wifi vile, wifi mchele wako umekuwa uji.

Daktari alifika mwezi wa saba, mwaka hamsini na tano, kiangazi. Mzungu mwembamba, mwenye miwani, aliyekuwa akikamata mbu kwa chupa na kuwaandikia tarehe. Tukamwita Bwana Mbu, naye akajua na akaitikia. Kiswahili alikisoma kwenye kitabu, akakisema polepole, kila neno likisubiri zamu yake. Alizunguka vijiji vya ng'ambo na karani wake, akahesabu nyumba na watu waliolala ndani ya kila nyumba, akachoma watoto kidole na kutazama damu. Alikuwa mtu mwema. Ningekuwa na nafuu kama angekuwa mtu mbaya.

Mwezi wa kumi akaja kibandani na karatasi iliyochorwa madebe matatu.

"Fundi," akamwambia Wendelin, "nataka kuiona homa kabla haijaja."

Wendelin alidhani mzungu amepigwa jua. Hata mimi. Lakini alipoeleza, na Wendelin akaanza kukata, tukaelewa. Madebe matatu, kila moja na kioo kidogo ubavuni ili maji yaonekane. La kwanza, watu wenye afya. La pili, wenye homa. La tatu, waliopata nafuu, ambao baadaye hurudi kuumwa tena. Maji ndiyo watu. Kati ya debe na debe, mipira ya baiskeli na bilula za kufungua na kufunga. Ndani ya debe la wagonjwa kilielea kizibo cha chupa kilichofungwa uzi. Wagonjwa wakiongezeka kizibo kinapanda, kikipanda uzi unavuta, na uzi ukivuta, bilula ya debe la wenye afya inafunguka zaidi.

"Umeona, Mama Scola?" daktari akaniambia. "Mgonjwa analisha mbu, mbu anaingia nyumba ya jirani. Wagonjwa wakiwa wengi ndipo wanapozidi kuwa wengi."

"Kama umbea," nikamwambia.

Akauliza umbea ni nini. Nilipomweleza akacheka mpaka akavua miwani, kisha akaliandika neno lenyewe kwenye daftari lake.

Kulikuwa na bilula moja ndogo kuliko zote, ya vidonge vya homa. Hiyo ilitoa maji kwenye debe la wagonjwa na kuyarudisha kwa wenye afya. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji kisimani, kuyatia bluu ya kufulia nguo ili yaonekane kiooni, na kumimina kila aliponiambia. Tulijaribu mara nyingi kuliko nywele zangu. Ukiifungua bilula ya vidonge kabla ya mvua, kidogo tu, kizibo kinakaa chini msimu mzima. Ukingoja mpaka kizibo kipande, hata uifungue yote, maji yanakushinda. Daktari alikuwa na vidonge vya kijiji kimoja, msimu mmoja, basi. Alitaka kuwaonyesha wakubwa wa Dar es Salaam kwamba vikitolewa mahali panapofaa na mwezi unaofaa, kijiji kitapona, ili walete vya bonde zima mpaka Malinyi. Kijiji alichokichagua ni kile cha Digna, kwa sababu watoto wa pale ndio waliokuwa na damu mbaya kuliko wote.

Digna alikuwa na mtoto wa miaka miwili, Kandida. Kila masika mtoto yule alichemka mpaka macho yakageuka. Masika mawili alikuwa ameponea chupuchupu.

Sasa niseme jambo ambalo kila mtu wa bonde hili analijua, na kwa sababu kila mtu analijua, hakuna anayelisema. Nyumba za vijijini ni za kiangazi. Mvua zikianza watu wanahama. Mpunga uko kule chini, mbugani, na nguruwe wako kule, na ndege wako kule, kwa hiyo mama anabeba chungu, mkeka na watoto, wanakwenda kukaa dunguni. Dungu ni kibanda kilichosimama juu ya miti, una ngazi, maji yanapita chini yako, mbu wanapita kila mahali. Wanakaa huko mpaka mavuno, miezi mitano, pengine sita. Kijijini hubaki wazee na kuku. Daktari alihesabu watu wake mwezi wa nane. Aliwakuta wote wamelala majumbani mwao, akaandika.

Baada ya Noeli Digna alivuka kuja kuuza samaki wakavu, akanikuta kisimani na wanawake wengine. Nilikuwa na ndoo kichwani, safari ya nne asubuhi ile.

"Jamani, mwoneni wifi yangu," akasema. "Kaka yangu aliniambia ameoa mke, kumbe ameoa ndoo."

Wanawake wakacheka. Ni utani, na siku nyingine ningemrudishia wa kwake wenye pilipili. Siku ile nilikuwa nimechoka, shingo inaniuma, na nilikasirika. Digna akanisogelea, akashusha sauti.

"Sikia, wifi, sasa sitanii. Wiki ijayo tunahamia dunguni. Mwambieni daktari wenu vidonge vitufuate kule. Akivileta kijijini atawapa kuku. Mwambieni, kwa ajili ya Kandida."

"Nitamwambia," nikasema.

Sikumwambia siku ile. Nilinuna. Nilijisemea, ndoo haina mdomo, mwache akamwambie mwenyewe. Siku ya pili hasira ilikuwa bado ipo, kidogo. Siku ya tatu ilikuwa imekwisha, nikamwambia Wendelin tukiwa tunakula.

Aliacha kutafuna. "Kwa hiyo debe la wenye afya si moja," akasema polepole. "Ni mawili. La kijijini na la dunguni. Na vidonge haviingii la dunguni."

Wendelin hajasoma hata darasa moja, na aliliona papo hapo. Akaenda kutazama mashine, nami nikamfuata na koroboi. Ilikuwa imesimama kwenye meza, imesuguliwa kwa majivu, inang'aa, viungio vyake vimenyooka. Kuweka debe la nne kulitaka afumue nusu ya kazi. Lehemu ya kuungia bati ilikuwa imemwishia. Nyingine ilikuwa ije na lori, na lori limekwama kwa matope. Ile ilikuwa Jumatatu. Wakubwa walikuwa wafike Alhamisi.

"Daktari amesema atawaita wale wakubwa," akaniambia, "na atawaambia, huyu hapa ndiye fundi. Kwa mkono wake ataninyooshea, hivi. Atalitaja jina langu."

"Na Digna?"

"Vidonge ni vidonge. Watu watavipeleka dunguni wenyewe. Nani atampa kuku vidonge?"

Nilijua si kweli. Mzee wa miaka sabini hatavuka mbuga iliyofurika kupeleka kidonge. Lakini nilimtazama usoni, nikaona jinsi anavyolitaka lile jina lake litajwe, nikanyamaza. Nilimhurumia mume wangu. Hiyo ndiyo huruma niliyokuwa nayo mkononi wakati ule, na niliitumia mahali pasipofaa.

Jumatano daktari alikuja kufanya jaribio la mwisho. Maji yalikwenda kama alivyoandika, mstari kwa mstari. Wendelin alikuwa ameinama chini ya meza anakaza mpira. Daktari akaweka kalamu chini, akanigeukia.

"Mama Scola, wewe umemimina maji haya miezi mitatu. Mashine hii inajua ninachokijua mimi tu. Kama kuna mahali watu wanakwenda, ambapo mimi sikuwapa debe, mashine itanidanganya, na itanidanganya vizuri sana. Je, kuna mahali kama hapo?"

Aliuliza hivyo hasa. Siwezi kusema sikuelewa. Wendelin chini ya meza aliacha kukaza. Nilimwona mguu mmoja tu, unyayo umenigeukia, na ule unyayo haukusogea.

"Hakuna, Bwana Daktari," nikasema.

"Una hakika?"

"Watu wako kwao."

Akaandika.

Alhamisi wakubwa walikuja, wakatazama, wakaitikia kwa vichwa, mmoja akacheza na kizibo kwa kidole. Daktari akamnyooshea Wendelin mkono, akasema, huyu ndiye fundi, jina lake ni Wendelin. Alilitaja vizuri kabisa. Mume wangu alisimama na shati la kanisani. Nilimimina maji nimeinamisha macho, na wakubwa wakadhani ninawaogopa wao.

Mwezi wa pili karani alivuka na maboksi ya vidonge. Alirudi baada ya siku nne akasema vyote vimegawiwa. Tuliambiwa baadaye kwamba kila nyumba alikuta mzee mmoja, akamwachia vya nyumba nzima, akasema wape na wenzako. Kwenye karatasi yake, hata hivyo, kijiji kizima kilikuwa kimemeza. Karani mwenyewe ni mtu wa mjini, alidhani watu wamekimbia kodi, akaona aibu kumwambia mzungu.

Mwezi wa tatu, katikati ya mwezi, mchana nikiwa napembua mchele, nilisikia hodi isiyosubiri karibu. Alikuwa Digna. Nguo zimemlowa mpaka kifuani, matope magotini, na mgongoni amemfunga Kandida. Walitoka dunguni kwa mtumbwi alfajiri, maji yamejaa, wakapotea kwenye matete, wakapata kivuko saa sita. Alipita kwangu kwanza kwa sababu kwangu ni karibu kuliko hospitali, na miguu ilikuwa imemwisha. Nilimfungua mtoto. Alikuwa wa moto, amekaza meno, degedege limemshika. Nikamwita Wendelin. Akambeba akakimbia naye barabarani kuelekea hospitali, sisi nyuma yake, mimi nimemshika Digna mkono. Hakufika mbali. Nilimwona ameacha kukimbia. Alisimama tu pale njiani, amemshika mtoto vilevile, na watu wakaanza kusogea.

Tulimzika kesho yake, Ifakara, kwa sababu mbuga haikuwa na udongo mkavu. Usiku wa matanga Digna alikaa mkekani, mgongo ukutani, hakulia tena. Aliniita karibu.

"Wifi. Mlimwambia?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Ningesema hapana. Ningepigwa, ningefukuzwa msibani, ningestahili. Nilimtazama Wendelin aliyekuwa upande wa wanaume, kichwa kati ya magoti, na mdomo wangu ukasema wenyewe.

"Tulimwambia. Alisema haiwezekani, vidonge ni vya majumbani."

Digna akatikisa kichwa taratibu. "Wazungu," akasema. Akajilaza, kichwa juu ya paja langu, akalala. Mguu wangu ulikufa ganzi nisimwamshe.

Huu sasa ndio uongo wa pili, na wa kwanza ulikuwa haujakauka. Nilimbebesha mtu mwingine maiti ya mtoto, mtu aliyeniuliza kwa heshima na kuniamini. Nilipokutana na daktari njiani nilipita upande wa pili. Wendelin naye alianza kukosea. Akauza ndoo iliyovuja. Mwenyewe akaenda kuichukua nyumbani kwa mtu, akaikanyaga mpaka ikawa bapa. Mimi na yeye hatukulizungumza. Tulikula, tukasali, tukalala, na lile jambo lilikuwa nasi chumbani kama mgeni asiyeaga.

Njia ya mwongo ni fupi. Mwezi wa saba mpunga ulikuwa umevunwa, watu wamerudi vijijini, na kijiji ambacho mashine ilisema kimepona kikalala chini kwa homa. Daktari hakuamini. Akavuka mwenyewe, bila karani, akatembea siku tatu. Mbugani akakuta madungu yamesimama matupu kwenye mabua, yana mafiga, yana vyungu vilivyovunjika, mengine yana kamba za kufungia mtoto asianguke. Akamwuliza mzee mmoja hivi ni vitu gani. Mzee akamshangaa. Ni nyumba zetu, bwana.

Alirudi akaja moja kwa moja kibandani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaketi kwenye debe.

"Nilihesabu kiangazi," akasema. "Hesabu yangu yote ni ya kiangazi."

Wendelin akawa anatazama mikono yake. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo. Nilingoja aseme, mliniambia hakuna. Hakusema. Sijui kama alikuwa amesahau, au alikumbuka akatuachia. Akasema amesikia mtoto wa dada yake fundi aliugulia dunguni akafa, na anaomba apelekwe kwa mama yake.

Tukaenda, watatu. Njia nzima nilimwomba Mungu amtie daktari ububu. Digna tulimkuta uani, amekaa chini anapepeta mchele mpya. Alitusalimia, akatoa kigoda. Daktari hakukaa. Alivua kofia.

"Mama," akasema, kwa kile Kiswahili chake cha kuhesabu hatua, "nimekuja kuomba radhi. Vidonge vilikwenda nyumbani na ninyi hamkuwapo. Sikujua kwamba mnakaa dunguni. Hakuna aliyeniambia, lakini kosa ni langu, ilikuwa kazi yangu kujua."

Ungo ulisimama.

"Hakuna aliyekwambia?"

"Hakuna, mama."

Digna hakumtazama kaka yake. Alinitazama mimi. Alinitazama muda wa mtu kumaliza kusali Salamu Maria moja, na pumba zilikuwa zimemkaa kwenye nywele. Nilitaka aseme. Nilitaka anitukane mbele ya mzungu na mbele ya kijiji.

"Nimekusamehe, Bwana Daktari," akasema. "Asiyejua, hajui." Halafu akaurudia ungo wake. "Mama Scola, mpe mgeni maji ya kunywa. Mtungi uko ndani."

Nilikwenda kuchota maji. Nilisimama mbele ya ule mtungi, kata mkononi, na sikuweza kuinamisha mkono. Mama Scola. Hata mwuza ndizi ananiita Mama Scola.

Wiki ile Wendelin alifumua mashine yake yote. Akaweka debe la nne, akalipa mipira yake na bilula zake, na tukamimina. Masika yakiingia, maji yanatoka kijijini kwenda dunguni. Kizibo kinapanda. Bilula ya vidonge inafunguliwa kijijini, haifiki. Mavuno yakija, maji yote ya homa yanarudi nyumbani. Ilikuwa wazi hata kwa mtoto. Daktari akasema, "Kama ningekuwa na debe hili mwezi wa kwanza." Wendelin alitoka nje.

Mwaka uliofuata vidonge vilikwenda madunguni. Daktari alichagua wanawake wa kuvipeleka kwa miguu na kwa mitumbwi, mara moja kila mwezi, na Wendelin akawatengenezea vikopo vyenye vifuniko, visivyoingia maji hata ukivitupa mtoni. Siku hizi hakuna anayemwita Fundi Makopo. Wanamwita Fundi wa Daktari. Alipoitwa hivyo mara ya kwanza alifunga kibanda akarudi nyumbani, saa nne asubuhi. Mimi nilijiandikisha kupeleka vidonge, lakini niliomba njia ya upande mwingine, na mwaka wa pili tena upande mwingine. Digna alizaa mtoto wa kiume. Tulikwenda kumwona. Alitupikia, alitukaribisha, alisema asante Mama Scola, kwa heri Mama Scola. Hakukosa adabu hata siku moja, na ningelipa chochote akose.

"Tumwambie," nilimwambia Wendelin.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema. "Utamchokonoa kidonda tu."

"Anajua."

"Kama anajua, tutamwambia nini?"

Hilo nililifikiria mwaka mzima. Mwaka huu, hamsini na tisa, mgawo wa njia ulipofanyika niliomba njia ya dungu lao. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimechoka.

Nilifika alasiri, maji magotini, kikopo nimekiweka kichwani ndani ya kilemba. Digna alikuwa juu, anafukuza ndege, mtoto amefungwa kamba kiunoni, mwisho wa kamba umefungwa kwenye nguzo. Nikamsalimia nikiwa chini. Akaitikia. Nikampandishia vidonge kwa mkono, akampa mtoto chake, akameza chake, akanywa maji. Mimi sikupanda. Nilishika ngazi kwa mikono miwili.

"Digna," nikasema, "daktari aliniuliza. Aliniuliza mimi. Kama kuna mahali watu wanakwenda. Nikasema hakuna."

Akaendelea kutazama shamba.

"Ujumbe wako nilikaa nao siku tatu kwa sababu ya lile neno la ndoo. Halafu nikamwambia kaka yako, naye hakutaka kuiharibu mashine, nami sikutaka kumharibia yeye. Na kwenye matanga nilikudanganya. Hatukumwambia chochote. Kandida angemeza."

Ndege walishuka upande wa pili wa shamba na hakuwafukuza. Nilihesabu vipago vya ngazi. Vilikuwa saba.

"Nilijua siku ile, kwenye ungo," akasema mwishowe. "Lile la daktari nilijua. Hili la ndoo sikulijua."

Akaishika kamba ya mtoto, akaizungusha kidoleni.

"Neno langu mwenyewe," akasema. "Nililisema nikacheka."

"Si neno lako. Usijitwishe. Ni mimi."

"Ni wewe," akasema. "Na Wendelin. Yeye hajaja."

"Hajaja."

Mtoto alisogea mpaka mwisho wa kamba yake, akachungulia chini akaniangalia, akacheka kwa sababu ya kilemba changu. Upande wa Mahenge mawingu yalikuwa yameshashuka na upepo ulianza kulaza mpunga. Digna alimvuta mtoto akampakata. Akasogeza mkeka, pakabaki nafasi ya mtu mmoja.

"Panda juu, Mama Scola," akasema. "Mvua inakuja."

Nikapanda.